World of Warcraft Classic kama shule ya umeneja: rivyu ya mtu aliyeongoza gildi na sasa anasimamia timu kazini

Naandika rivyu hii kwa sababu swali la kama mtu aliyeongoza watu kwenye gemu anaweza kuja kuongoza watu kwenye biashara linaulizwa kila kukicha, na majibu yanakuwa ya aina mbili tu, kuna wanaosema ndiyo kabisa weka kwenye CV yako, na kuna wanaosema acha utoto hiyo ni michezo. World of Warcraft ni gemu inayochezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja, humo wachezaji wanaunda gildi, yaani chama chao cha kudumu, na wanaenda raidi, yaani msafara wa kundi kubwa kupigana na mabosi, maadui wakubwa wanaoendeshwa na kompyuta. Mimi nimekuwa raidi lida, yaani mwongoza msafara, nimekuwa ofisa wa kugawa ngawira, vile vitu bosi anavyoacha akifa, nimeshika gildi yenyewe, na sasa hivi kazi yangu ni kusimamia timu, kwa hiyo nataka niipime hii gemu kama mtu anavyopima kozi yoyote ya uongozi, yaani inafundisha nini na ukitoka nayo inakufikisha wapi. Habari za picha, muziki na hadithi zake waachie wengine, zimeshaandikwa sana.

Kwanza kwa nini Classic na sio World of Warcraft ya kisasa. Blizzard, kampuni yenye gemu, walitoa gemu yenyewe Novemba 2004, halafu Agosti 2019 wakairudisha ile ya zamani ilivyokuwa, ndo wakaiita Classic. Kati ya hapo na hapo waliirahisishia mambo mengi sana ile ya kawaida. Desemba 2009 wakaleta mfumo wa kompyuta kukutafutia wenzako wa kuingia nao pangoni (mapambano ya kundi dogo), mwishoni mwa 2011 wakafanya hivohivo kwa raidi, unabonyeza kitufe unasubiri unaingizwa na watu usiowajua na mkimaliza kila mtu na njia yake, halafu 2018 wakamwondolea kiongozi uwezo wa kugawa ngawira kwa mkono wake. Kwa mchezaji mwenye muda mdogo haya ni mambo mazuri na siyalaumu hata kidogo. Ila ukiiangalia kama shule ya uongozi, kila walichorahisisha ilikuwa ni kazi ya kiongozi. Kutafuta watu, kuwachuja, kuwapanga, kugawa, kusuluhisha, vyote hivyo mashine imevichukua. Mtu akiniambia ameicheza hiyo ya kisasa miaka mingi kwa kubonyeza kitufe, amecheza, sawa, ila uongozi sijui ameugusa wapi.

Kwenye Classic mashine haikusaidii. Raidi ya kwanza kubwa inaitwa Molten Core na inabeba watu 40. Na hapo nazungumzia watu 40 waliokaa mbele ya skrini saa ileile siku ileile, wameandaa dawa zao, wametengeneza silaha zao, wanajua nani tanki, yaani anayekaa mbele kupokea mapigo, nani mponyaji, nani kazi yake ni kupiga tu, na hakuna hata mmoja unayemlipa. Kila mmoja anaweza kuzima kompyuta akaenda kulala na huna la kumfanya. Halafu wengine hujawahi kuwaona sura, unawajua kwa sauti tu, na wengine hata sauti hawana, wanasikiliza bila maiki.

Humo ndani kuna bosi anaitwa Baron Geddon, na nataka nikae kwake kidogo kwa sababu yeye peke yake anafundisha zaidi ya semina nyingi nilizowahi kukaa. Geddon kila baada ya muda anachagua mtu mmoja na kumgeuza bomu. Huyo mtu ana sekunde chache tu za kutoka mbio na kusimama mbali na wenzake, akibaki katikati ya kundi analipuka na kuondoka na walio karibu naye. Sasa hujui bomu litamwangukia nani. Anaweza kuwa mkongwe, anaweza kuwa yule aliyejiunga juzi, anaweza kuwa yule ambaye alikotoka ni usiku wa manane na macho yameshaanza kufumba. Kiongozi mgeni anachofanya ni kupiga kelele kwenye maiki, KIMBIA KIMBIA, na watu sita wanakimbia pamoja kwa sababu kila mmoja anadhani anaambiwa yeye. Kiongozi aliyekomaa kazi yake ameshaimaliza kabla bosi hajaguswa. Ameshaonyesha ukuta upi ndo wa kukimbilia, amehakikisha kila mtu ameweka adoni, kiprogramu cha nyongeza, kinachomulika skrini nzima ukiwa bomu wewe, amempa mtu mmoja tu kazi ya kutaja jina la mwenye bomu na wengine wote wamekaa kimya, na amepanga mponyaji mmoja wa kumwangalia anayekimbia. Ikifika saa yenyewe anasikika mtu mmoja akitaja jina moja, aliyetajwa anaondoka, pambano linaendelea, na asiyejua anadhani hapo hakuna aliyeongoza kitu.

Hapo ndo ninapotofautiana na wanaoisifia hii gemu. Wao wakizungumzia uongozi wa kwenye gemu wanazungumzia ile sauti ya amri, kufanya maamuzi ya haraka presha ikiwa juu, ujasiri sijui. Mimi naona hicho ndo kinachohamia kidogo kuliko vyote. Kazini mambo ya sekunde chache ni machache mno, na meneja anayeongoza kwa sauti ya raidi anachosha watu ndani ya wiki moja. Kinachohamia ni ile kazi ya kabla na baada ya pambano. Kupanga mazingira mpaka mtu wa kawaida, aliyechoka, asiye na kipaji cha ajabu, afanye jambo sahihi bila kusukumwa. Hiyo nimeihamisha kazini na inafanya kazi vilevile. Makabidhiano ya zamu yakiwa yanakosewa, kuitisha kikao cha kuwaambia watu wawe makini hakusaidii, unaangalia ni nani hasa anayetakiwa kusema neno, wakati gani, na wengine wanyamaze.

Na hili sio langu peke yangu. Mei 2008 jarida la Harvard Business Review lilitoa makala ya Byron Reeves, Thomas Malone na Tony O'Driscoll waliokuwa wameuangalia uongozi kwenye gemu za mtandaoni, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kinachorahisisha uongozi humo ni mazingira kuliko hulka ya kiongozi mwenyewe. Malipo yanaonekana, taarifa ziko wazi kwa kila mtu, na uongozi ni wa kupokezana, leo unaongoza wewe kesho anaongoza mwingine na hakuna anayeona ameshushwa cheo. Watu wengi wanaitaja ile makala kama ushahidi kwamba magema (wacheza gemu) ni viongozi wazuri, lakini ukiisoma vizuri inawageukia zaidi makampuni, kwamba tengenezeni mazingira kama yale na viongozi mtawapata humohumo mlimo.

Sasa tuje kwenye ngawira, manake hapa ndo somo kubwa lilipo na hapa nitakaa.

Bosi akifa anaacha vitu viwili vitatu, na nyie mko 40. Hesabu hiyo haijawahi kumfurahisha mtu. Wachezaji walikumbana nayo tangu EverQuest, gemu nyingine ya mtandaoni iliyotoka 1999, na ndo huko walikobuni wenyewe mfumo wa pointi unaoitwa DKP (Dragon Kill Points), ukihudhuria unapata pointi, ukichukua kitu unakatwa. Unasikika wa haki kabisa. Uendeshe miezi michache uone. Wakongwe wanalimbikiza pointi na kukataa vitu vidogo ili wasubiri kikubwa, vile vidogo vinaharibika bure, mgeni anayejituma anaona hata afanyeje hawezi kumfikia aliyeanza mapema, anaondoka. Basi gildi zinaanza kuweka kanuni ya pointi kupungua kila wiki zisipotumika, na hapo wakongwe wanalalamika kwamba wameibiwa jasho lao. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bonasi au cha kupanda vyeo anaujua huu ugomvi neno kwa neno.

Gildi nyingine zinatupa pointi zote na kuweka kamati ya maofisa, wao ndo wanaamua nani apewe kwa faida ya timu. Kamati ikiwa na watu waadilifu inafanya vizuri kuliko pointi, kwa sababu inaweza kumpa kitu yule ambaye akikipata timu nzima inanyanyuka. Ila inatakiwa ijieleze. Kamati isiyojieleza hata ikiamua kwa haki asilimia mia watu wataona upendeleo, hasa ofisa akijipa kitu mwenyewe. Kanuni niliyoiona ikidumu ni kuandika sababu ya kila mgao kwenye spredishiti ambayo kila mwanachama anaweza kuifungua, sentensi moja tu, na kumwambia aliyekosa kabla hajauliza. Hiyo ya kumwambia aliyekosa kabla hajauliza ndo ninayoitumia kazini mpaka leo na sijaona kozi inayoifundisha kwa uzito unaostahili.

Halafu kuna ile aina ya tatu, GDKP, kila kitu kinapigwa mnada kwa dhahabu ya kwenye gemu na mwisho dhahabu yote inagawanywa kwa waliokuwepo. Kwa meneja hii ni maabara kabisa. Mahudhurio yanakuwa mazuri, wachezaji wanakuwa wakali, raidi inaisha haraka, na wakati huohuo hakuna anayemfundisha mgeni, hakuna anayejua jina la mwenzake, na siku mchezo ukiwa mgumu kila mtu anaenda kwenye raidi inayolipa vizuri zaidi. Blizzard wenyewe waliipiga marufuku kwenye Season of Discovery, toleo la msimu la Classic, mapema 2024, na tena kwenye seva za maadhimisho ya gemu zilizofunguliwa Novemba 2024. Mimi sisemi ni mbaya kila mahali, kazi nyingine kweli inataka watu wa mkataba waje wafanye waondoke. Ila ukishaona kwa macho yako jinsi namna ya kulipa inavyobadilisha tabia za watu walewale ndani ya wiki chache, huwezi tena kuandika mpango wa malipo kazini bila kufikiria.

Na kuna upanga mmoja, Thunderfury, huo ndo mtihani wa mwisho. Ili utengenezwe mtu anahitaji, pamoja na vitu vingine, vipande viwili, kimoja kinatoka kwa bosi anaitwa Garr, kingine kwa huyuhuyu Geddon, vyote vinatoka kwa nadra mno, na kikishaingia mfukoni kwa mtu hakihamishiki kwa mwingine milele. Kwa hiyo siku kipande cha kwanza kinatoka inabidi utaje jina la mtu mmoja mbele ya wenzake 39, ukijua kipande cha pili kinaweza kuchukua miezi au kisitoke kabisa, na ukijua kwamba akihama gildi kesho anaondoka nacho. Unampa nani? Tanki mkuu ambaye ndo mwenye faida nacho zaidi lakini ameanza kusemasema kwamba amechoka? Tanki wa pili ambaye hajawahi kukosa hata siku moja ila mkono wake ni wa wastani? Hakuna jibu lililoandikwa popote. Nimeona gildi zikivunjika kwa jambo hili na nimeona nyingine zikipita salama, na zilizopita salama zilikuwa zimekubaliana jina na sababu wiki nyingi kabla kipande hakijatoka, wakati hakuna aliyekuwa na tamaa bado. Kwenye biashara ni swali lilelile la nani agharamiwe mafunzo makubwa ambayo akiondoka anaondoka nayo kichwani, na jibu ni lilelile, kanuni iwekwe kabla ya zawadi kuonekana.

Kingine kinachohamia vizuri ni kuishi na kazi inayojirudia mpaka inachosha. Watu wasiocheza wanadhani ugumu ni kumuua bosi mara ya kwanza. Hapana. Mara ya kwanza kila mtu ana moto. Mabosi wanarudi upya kila wiki, na kazi ya kweli ya kiongozi ni kuwafanya watu 40 waje tena kumuua bosi yuleyule ambaye wameshamuua mara nyingi, baadhi yao wakiwa hawana tena wanachokihitaji kwake, wanakuja kwa ajili ya wenzao tu. Huna mshahara wa kuwashikia, huna barua ya onyo, huna likizo ya kuwanyima. Unabaki na vitu vichache: kuanza saa uliyosema na kumaliza saa uliyosema, kumshukuru mtu kwa jambo mahususi alilofanya na sio ahsanteni wote, kuwapa watu majukumu mapya kabla hawajachoka na la zamani, kumtoa mtu benchi kwa zamu ili asione amesahaulika. Meneja aliyezoea kutegemea mshahara ushike watu anaweza akakaa miaka bila kujifunza haya. Aliyeshika gildi anajifunza haraka au anabaki na gildi ya watu watano.

Kuhusu takwimu nitapita haraka. Kila pambano linarekodiwa, unaweza kuona nani alifanya nini sekunde kwa sekunde, na baada ya timu kufa unafungua rekodi mnajadili mnarudi ndani ya dakika chache. Ni zoezi zuri la kusahihishana bila kuogopana, kwa sharti kwamba kiongozi haitumii mita, ile chati ya nani amepiga kiasi gani, kumdhalilisha mtu. Kuna tatizo moja, mita inapenda wapigaji. Aliyeacha kupiga ili aondoe laana kwa wenzake anaonekana mvivu kwenye chati. Ukilijua hilo kwenye gemu utalitambua ofisini pia, mtu ambaye takwimu zake ni ndogo kwa sababu nusu ya siku anawasaidia wengine.

Haya, sasa upande ambao hii shule haifai, na hapa naomba magema wenzangu mnisikilize kabla hamjakasirika.

Kwenye raidi lengo umepewa. Bosi yuko pale, ana damu inayoonekana, ikiisha umeshinda. Biashara nusu ya kazi ni kujua bosi ni yupi, na mara nyingi hujui, mnaweza mkafanya kazi vizuri sana kwa mwaka mzima kwenye kitu ambacho mteja hakihitaji. Gemu haikufundishi hilo hata chembe. Pili majibu yanakuja haraka mno. Mkikosea mnakufa papo hapo na mnajua. Kazini unaajiri mtu leo na kosa lako linajitokeza mwaka ujao, na kufikia hapo kuna sababu nyingine kumi zimeshachanganyika nalo. Aliyelelewa na raidi anakuwa na haraka ya kutaka kuona matokeo, anabadilisha mpango kabla mpango haujapata nafasi. Nimeliona hilo kwa mameneja vijana waliotoka kwenye gemu, wana akili, wanasikiliza, lakini wanavuruga timu kwa kubadilisha mambo kila wiki kama vile bosi anarudi tena siku ileile na damu kamili.

Tatu, kumwondoa mtu. Kwenye gildi unamwondoa mtu kwa kubonyeza, anaumia kidogo, kesho yuko gildi nyingine. Kazini unagusa maisha ya mtu na familia yake, kuna sheria, kuna mikataba, kuna haki ya kusikilizwa. Wanaosema wamejifunza kwenye gemu kufanya maamuzi magumu ya watu wafikirie tena, uzito haulingani. Na nne, kwenye gildi kila mtu amekuja kwa hiari na anaipenda gemu. Kazini utapewa watu ambao hawakukuchagua wewe, na pengine hata hiyo kazi hawaipendi, na bosi wako mwenyewe anataka kitu tofauti na wanachotaka wao. Kusimama katikati hapo, kati ya wa juu na wa chini, gildi haina, kwa sababu juu ya kiongozi wa gildi hakuna mtu.

Kama hayo manne ndo unayotaka kuyajua, kuna gemu inayokaribia zaidi, EVE Online ya CCP kutoka Iceland, imekuwepo tangu Mei 2003. Ile wachezaji karibu wote wapo kwenye ulimwengu mmoja, uchumi wake uko mikononi mwa wachezaji kwa sehemu kubwa sana mpaka kampuni iliajiri mchumi wa kuuangalia mwaka 2007, na ukipoteza kitu kimepotea. Hapo makosa ya kiutawala yanauma kweli. Januari 2014 vita kubwa iliyojulikana kama B-R5RB ilianzia kwenye malipo ya umiliki wa mfumo mmoja wa nyota ambayo hayakulipwa kwa wakati, upande wa pili ukaingia, na mpaka inaisha meli 75 za aina ya titani, zile kubwa kuliko zote, zilikuwa zimeteketea. Bili moja. Na Februari 2009 muungano mkubwa uliokuwa ukiitwa Band of Brothers ulivunjwa na kiongozi mmoja wa ndani aliyehamia kwa wapinzani akiwa bado ana ruhusa za kiutawala kwenye mfumo, akabonyeza tu, miaka ya kazi ya watu maelfu ikafutika. Mtu aliyeyapitia hayo hahitaji kuhubiriwa kwa nini mfanyakazi anayeondoka anafungiwa akaunti siku hiyohiyo, au kwa nini kitendo kikubwa kinatakiwa saini mbili. Ila EVE inakula muda kuliko Classic, na ina utamaduni wa kudanganyana unaokubalika kabisa kwenye kanuni za gemu, kwa hiyo unachojifunza humo kuhusu kuaminiana inabidi ukichuje kabla hujakileta kazini.

Sasa kuhusu ule mfano unaotajwa na kila mtu, Stephen Gillett. Ni kweli, aliongoza gildi ya World of Warcraft, akaajiriwa Yahoo kwenye nafasi ya juu ya uhandisi, Aprili 2006 jarida la Wired likaandika makala ya John Seely Brown na Douglas Thomas iliyomtumia yeye kuonyesha kwamba kuongoza gildi ni mafunzo halisi, na mwaka 2008 akaenda kuwa mkuu wa teknolojia ya habari wa Starbucks. Mfano mzuri. Lakini mtu mmoja hathibitishi kitu, na huyu alikuwa tayari mtu wa teknolojia, hakutoka kwenye gildi moja kwa moja akapewa ofisi. Na kuna swali ambalo mashabiki hawapendi kulisikia, je gildi ndo ilimfanya kiongozi, au alikuwa ni kiongozi na ndo maana gildi ikamfuata? Mimi nadhani vyote viwili vinakuwepo. Gildi inamchuja mtu mwenye uwezo, halafu inampa mahali pa kuunoa ambapo kosa halimfilisi mtu.

Wanasaikolojia waliligusa hili zamani sana. Thorndike na Woodworth mwaka 1901 walionyesha kwamba ujuzi unahama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa kadiri kazi hizo zinavyoshirikiana vitu vilevile ndani yake, usitegemee ubongo kunoka tu kwa ujumla kama kisu. Ndo maana mchezaji wa Gran Turismo, gemu ya mbio za magari, aliweza kuwa dereva wa kweli, Jann Mardenborough alishinda mashindano ya GT Academy mwaka 2011, halafu mwaka 2013 akawa wa tatu kwenye kundi lake la LMP2 katika mbio za magari za Le Mans, manake usukani ni usukani, kona ni kona, breki unakanyaga kwa mguu uleule. Ukiitumia kanuni hiyo kwenye Classic jibu linakuja lenyewe. Kugawa vichache kwa wengi ni kitu kilekile. Kumwambia mtu leo hauchezi, uko benchi, ni kitu kilekile. Kuandaa kazi ili aliyechoka asikosee ni kitu kilekile. Kuamua soko gani mwingie, kusoma vitabu vya hesabu, kuongea na mteja aliyekasirika, hivyo havimo kwenye gemu na havitaota vyenyewe.

Kwa hiyo maksi zangu: kwa mchezaji wa kawaida anayekuja anapiga anaondoka, 1 kwa 5, anajifunza kushirikiana na kufika kwa wakati, basi. Kwa raidi lida anayeita tu maamuzi kwenye maiki, 2 kwa 5. Kwa ofisa anayesajili watu, anayegawa, anayesuluhisha, anayepanga benchi, 4 kwa 5, na hiyo moja iliyobaki ni kwa sababu ya pesa, sheria na mteja. Sijui kozi nyingi za umeneja ambazo ningezipa 4 kwenye hayo mambo, kwa sababu nyingi unayasoma tu, hapa yanakupata kweli na watu wenye hisia za kweli. Kasoro kubwa ya bidhaa yenyewe ni muda. Kushika gildi ya watu 40 ni kazi ya pili, inakula jioni zako, na mtu anayeamua kucheza kwa sababu tu anataka kujifunza uongozi atachoka kabla hajajifunza. Cheza kama unaipenda.

Kwa wanaoajiri, msiulize mtu gildi yake ilifika wapi wala iliua bosi gani, hiyo inakwambia walikuwa na muda. Muulize alikuwa anagawaje vitu na alibadilisha kanuni lini na kwa nini. Muulize mtu wake muhimu alipoondoka kilitokea nini wiki iliyofuata. Muulize aliwahi kumwambiaje rafiki yake kwamba hana nafasi usiku huo. Aliyeongoza kweli atakujibu kwa majina na visa mpaka umkatize, na asiyeongoza atakuelezea gemu.

Na kwa kijana anayeandika CV, usiandike kiongozi wa gildi ukaishia hapo, anayesoma hajui ni nini. Andika ulichofanya kwa maneno ya kawaida: nilisajili na kuratibu timu ya watu wa kujitolea 40 walioko maeneo tofauti, niliandaa mfumo wa mgao na kuusimamia, nilishughulikia migogoro. Kila neno hapo ni la kweli na atakayekuita atakuuliza mwenyewe ilikuwa wapi, na ukifika hapo mwambie bila aibu.

Kama ndo kwanza unaingia na bado uko mwanachama wa chini, usigombee uraidi lida, hiyo kila mtu anaitaka. Mfuate kiongozi wa gildi umwambie nipe usajili wa wanachama wapya. Gildi nyingi hazina anayeitaka hiyo kazi, na kuna uwezekano mkubwa watakukabidhi wiki hiyohiyo.